Siku Niliyowafundisha Wakwe Zangu Habari za Siafu

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, kwa sababu mimi mwenyewe nilichukua miaka kadhaa kabla ya kuweza kuisimulia habari hii bila masikio kuniwaka moto. Ni aibu yangu mwenyewe, niliitengeneza kwa mdomo wangu, na hakuna wa kumsingizia, ingawa nilijaribu sana.

Enzi za Wabelgiji, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilikuwa moniteri, yaani mwalimu wa watoto wadogo, katika shule moja ya vilimani Masisi, karibu na Bihambwe, na moniteri wa wakati ule alikuwa mtu mkubwa: ana viatu, ana kalamu mfukoni, na anajua Kifaransa cha kutosha kuwatisha wasiokijua. Mimi nilikuwa na zaidi ya hapo. Padri mmoja alitupa kalenda ya zamani, kitabu kizima, kimeliwa na panya upande mmoja, na ndani yake kila mwezi ulikuwa na ukurasa wa maajabu ya dunia, nikakiokota, nikakisoma mpaka nikakijua kwa moyo (isipokuwa Aprili na Mei, maajabu ya miezi hiyo waliyajua panya peke yao). Kwa hiyo nilijua kwamba popo si ndege, kwamba nyangumi ananyonyesha, kwamba huko Ulaya zamani waliwahi kumpeleka nguruwe mbele ya hakimu, wakamsikiliza, wakamhukumu, na kwamba picha za sinema hazitembei hata kidogo, ni picha nyingi zilizosimama ambazo zinapitishwa haraka mbele ya taa. Hilo la mwisho niliwatangazia watu wote siku gari la sinema lilipofika kwetu, katikati ya mchezo, kwa sauti ya darasani, na hadi leo sijaelewa kwa nini walinirushia maganda ya ndizi badala ya kunishukuru.

Mwanamume mwenye elimu ya namna hiyo anatafutwa na kila familia, nilijiambia. Familia zilijizuia vizuri sana. Aliyenikubali alikuwa Feza peke yake, msichana wa Walikale aliyekuja kukaa kwa shangazi yake aliyeolewa kwetu, na sitaficha, nilimpenda, nilimpenda mpaka nikawa nakosea kuandika tarehe ubaoni. Yeye alinisikiliza habari za nyangumi mara mbili bila kulalamika. Mara ya tatu alisema, "Anselmi, ukienda kwetu, hiyo nyangumi uiache hapa."

Aliporudi kwao, ikabidi twende kumposa. Tulikwenda watatu: mimi, mjomba wangu Bauma, na mbuzi. Tulipanda lori, kamiyo ya mafuta ya mawese iliyokuwa inarudi Walikale tupu, tukashuka barabarani, tukatembea msituni kutwa nzima, mjomba mbele, mbuzi katikati, mimi nyuma katika suruali nyeupe niliyoazima kwa moniteri mwenzangu (suruali nyeupe, msituni, wakati wa mvua, oneni wenyewe akili ya mtu anayejua kwamba popo si ndege).

Sasa sikilizeni desturi, kwa maana kila kitu kilianzia hapo. Kule kwao, na kwetu pia tukisema kweli, bwana anayeposa hasemi. Anayesema ni mjomba. Bwana anakaa, anaonwa, anakula akipewa, basi. Na jambo la pili, mama mkwe humwoni wala yeye hakuoni: mama akisikia unapita njiani anaingia kwenye migomba, akitaka kukusalimia anakusalimia akiwa nyuma ya ukuta, na kati yenu ni haya tupu, mpaka uzee. Mjomba Bauma alinieleza yote hayo njiani kana kwamba mimi ni mtoto.

"Weye iko mukwe," alisema. "Mukwe ni kama kiti. Uliona kiti inasema?"

Nikamwambia nimeelewa. Na kweli nilielewa, hiyo ndiyo inaniuma.

Tulifika usiku, tukalala, na asubuhi tukapokelewa vizuri mno. Papa Kahombo, baba yake Feza, alikuwa mwindaji, mtu mfupi, mpole, wa kusema polepole, na alituweka katika baraza, ile nyumba ya wanaume ya katikati ya kijiji, akatuletea kasiksi (pombe yetu ya ndizi, ya kwao kali kidogo), na nyuma ya ukuta wa miti sauti ya mama ikatuuliza habari za safari, mjomba akajibu. Mazungumzo yakaenda. Mbuzi akasifiwa. Mjomba akanisifu mimi, kwa uchache kuliko mbuzi lakini alinisifu. Papa Kahombo akaanza habari za msitu, kwamba gorila akizeeka anaondoka kwa wake zake na kujenga kibanda cha peke yake kama muntu, na mimi nikang'ata ulimi, kwa sababu ukurasa wa Oktoba ulisema mengine kabisa kuhusu gorila. Nikang'ata tena alipofika kwa popo. Nawaambia nilikuwa kiti. Nilikuwa kiti cha kupigiwa mfano kuanzia asubuhi hadi jua lilipoanza kuinama, na kama mambo yangeishia hapo leo ningekuwa nawasimulia habari za harusi.

Ndipo kuku wakaanza kelele upande wa migomba, na mtoto akapita mbio akisema siafu, siafu.

Kwetu vilimani siafu tunawajua kwa mbali: ni mstari mweusi njiani, unauruka, unaendelea. Msituni si mstari. Msituni ni shamba zima linalotembea, na linapokuja kijijini watu hawapigani nalo. Wanawafungulia kuku na mbuzi, wanabeba watoto na vyakula, wanamwaga majivu hapa na pale, wanakwenda kukaa kando ya kijito wakizungumza, na siafu wanaingia nyumba kwa nyumba wakila panya, mende na kila kilichojificha, halafu wanaondoka, na mwenye nyumba anarudi kuikuta safi kuliko alivyoiacha. Hakuna anayeogopa. Ni kazi wanayofanyiwa bure.

Papa Kahombo akasimama taratibu, akachukua kibuyu chake. "Tutoke," alisema. "Baliona tuko na mugeni, njo maana banakuja kusalimia."

Ilikuwa mzaha. Mtoto wa miaka mitano angejua ni mzaha. Lakini mimi nilikuwa nimemeza gorila, nimemeza popo, na mtu ana kipimo chake.

"Papa, samahani," nikasema. "Siafu haionaka. Haina macho."

Mjomba Bauma alifunga macho yake mwenyewe. Nyuma ya ukuta sauti za wanawake zilikatika zote kwa pamoja. Papa Kahombo akanitazama kama mtu ambaye stuli yake imemwamkia.

"Haina macho?"

"Hapana, Papa. Iko mu kitabu. Inafuata harufu."

Na ni kweli. Naapa ni kweli, wale wafanyakazi wao ni vipofu tangu kuzaliwa. Kama ningenyamaza hapo, ningeonekana tu sina adabu, na ukosefu wa adabu unasameheka kwa mbuzi wa pili. Lakini nilimwona anafikiri, nikafurahi kama ninavyofurahi mwanafunzi akianza kuelewa, nikaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye ukurasa wowote, wala Aprili wala Mei, nililitunga pale pale kwa raha yangu.

"Njo maana muntu akikaa kimya, bila kutikisika, inamupita tu. Inafikiri iko jiwe."

Papa Kahombo akatikisa kichwa kwa heshima. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Basi siye tunatoka," alisema. "Weye ubakie. Utatuambia."

Hapo palikuwa na mlango, ndugu zangu. Ulikuwa wazi, angeweza kupita mwanamume na aibu yake kidogo. Mjomba alinivuta mkono, akanong'ona, "Anselmi, toka," na mimi nikamjibu kwa sauti, ili wasikie, kwamba sayansi haikimbii. Basi wakatoka wote, wanaume wakasimama ng'ambo ya majivu, wakaniangalia nikiwa nimekaa peke yangu barazani, mikono magotini, suruali nyeupe, nikifanya jiwe.

Siafu wakaingia. Kwanza walipanda ukuta, na nikatabasamu kwa wale wa nje. Kisha wakashuka. Wakanijia miguuni, wakapanda viatu, na wakawa wapole kabisa, wanapita juu ya ngozi kama nywele, hata nikaanza kujiamini, nikafikiri labda nimegundua jambo jipya ambalo nitaliandikia Ulaya. Wale wanaojua siafu wanajua wanachofanya. Hawaumi mara moja. Wanapanda mpaka wawe wengi, mpaka wafike kila mahali, nasema kila mahali, na mmoja anapouma wote wanauma.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka sauti, nikadhani ni mbuzi wetu, kumbe ni mimi. Shati lilitoka barazani, suruali ikatoka mlangoni, na kilichobaki kilitoka mbele ya wanaume wote wa ukoo wa Kahombo, na mtu anayeliwa hana kingine kichwani ila maji. Nikashika njia ya kijito mbio, mjomba nyuma yangu akipiga kelele, "Hapana kule, hapana kule," na mimi nikiwa nimechoka kushauriwa na watu wasiosoma.

Wanawake wote wa kijiji walikuwa wamekaa pale ukingoni na vikapu vyao. Nilipita katikati yao nikaruka majini, na nilipoinua kichwa, mbele yangu, hatua mbili, alikuwa mama mmoja amekaa juu ya jiwe, ambaye sikuwa nimemwona tangu tufike, na nikamjua papo hapo kwa sababu ana sura ya Feza. Tulitazamana. Halafu akachukua kikapu cha mihogo, akakimwaga, akajifunika nacho mpaka mabegani.

"Feza," kikapu kikasema, "huyu njo ule bwana unatuletea?"

Bibi mmoja mzee alinirushia kikwembe, kitenge chake, nikakaa nimejifunga maua mekundu, mjomba akining'oa vichwa vya siafu mgongoni kimoja kimoja, kwani ukimvuta mwili unatoka na kichwa kinabaki na kazi yake. Suruali ya mwenzangu tulisubiri mpaka siafu wenyewe walipomaliza nayo. Feza alikuja akasimama karibu yangu, na nilitamani acheke, kwa maana wote walikuwa wanacheka, hata mjomba mabega yalikuwa yanamtingishika. Yeye alikuwa analia.

"Nilikuomba kitu moja," alisema. "Siku moja tu, kinywa kufunga. Miye ninakupenda hivyo, na ulishindwa."

Hayo yaliniuma kuliko siafu, na sitanii. Papa Kahombo alimwambia mjomba kwa upole kwamba hawatukatai, lakini mama ameona asichotakiwa kuona, haya imemshika, hawezi kutoka nyumbani nami nikiwa kijijini, kwa hiyo turudi kwetu, na mwaka ukipita, kama Feza bado anataka, niletwe tena wanitazame. Mbuzi alibaki. Yeye hakuwa amesema kitu.

Mwaka ule sitausimulia. Ile kamiyo ya mawese ilikuwa na dereva, na dereva alikuwa na mdomo, na kuanzia Walikale hadi soko la Sake kila mtu alinijua. Wanafunzi wangu walikuwa wakijikuna nikigeukia ubaoni, darasa zima, kimyakimya. Kilichonisumbua hasa ni kwamba kila kamiyo ilipopita niliogopa italeta habari kwamba Feza ameolewa na mtu anayejua kukaa.

Hakuolewa. Mvua zilipozunguka tukarudi, mjomba na mimi na mbuzi mwingine, suruali ya kaki safari hii. Barazani pale pale, kasiksi ile ile. Papa Kahombo akasema gorila anajenga kibanda. Nikanyamaza. Akasema popo ni ndege aliyekataa kulipa kodi ya mchana. Nikanyamaza, ingawa jasho lilinitoka. Akasema amesikia kwamba ndani ya sinema mna watu wadogo wanaoishi kwenye sanduku, akaniangalia kwa muda mrefu, na mguu wa mjomba ukapanda juu ya mguu wangu ukabaki pale.

Kisha akainama kuelekea kwangu, sauti ikabadilika, na niliona kwamba sasa hatanii, kwamba mzee huyu amekaa mwaka mzima akichunguza siafu njiani na anataka kujua.

"Mutoto yangu, ile ya macho. Ilikuwa kweli?"

Sijawahi kuulizwa swali tamu kama lile, wala kabla wala baada. Jibu lilikuwa mdomoni. Neno moja. Na nyuma ya ukuta, nilijua, Feza yuko pale.

Nikatazama miguu yangu.

"Ah," akasema Papa Kahombo, akaegemea nyuma, akamgeukia mjomba, ametulia kabisa. "Basi alidanganya."

"Alidanganya," mjomba akathibitisha haraka.

Na sauti ya mama ikatoka nyuma ya ukuta, kwa mara ya kwanza tangu kile kikapu: "Mumupatie bibi yake."

Hivyo ndivyo nilivyooa. Nilimpata Feza kwa kukubali kwamba jambo pekee la kweli nililowahi kulisema katika kijiji kile ni uongo, na ningelikubali tena kesho. Tuna watoto sita. Wakiniuliza kama siafu wanaona, ninawatuma kwa babu yao, na wanarudi wameambiwa kwamba siafu wanaona vizuri sana, mpaka Masisi, nami ninawaambia washike hivyo hivyo.