Kitambaa Ndani ya Tabo

Ipo siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na jana uliponiachia kile kifurushi ukasema, "Shangazi nifichie, wenzangu wa duarani wasijue," siku hiyo ikanirudia yote, hata harufu yake. Nilitaka kukuita, sauti ikagoma. Leo imerudi. Shikamoo yako nimeitikia, sasa vuta hicho kigoda ukae, na hiyo simu igeuze kifudifudi, haitakufa.

Unajua kwamba mimi ni fundi wa injini, ila hujui nilianzia wapi. Nilikuwa msichana, mgodi wa Buzwagi ndiyo kwanza unaanza na Kahama imejaa watu wa kila kabila, nikapata kazi kwa Mzee Hasham, Mhindi mwenye duka la vipuri, ambaye hata baba yake alizaliwa hapahapa Shinyanga. Kisukuma alikijua kuliko wewe, na hilo si tusi, ni habari. Ujanani alishindana rali. Uzeeni akaleta daino, na wenye magari ya kukimbia wakawa wanatoka mpaka Mwanza na Tabora kumfuata.

Daino ni hivi. Gari linapandishwa juu ya mapipa ya chuma yaliyozikwa sakafuni, linafungwa mikanda mbele na nyuma, kisha unalikanyaga mpaka mwisho likiwa limesimama palepale. Magurudumu yanazungusha mapipa, kompyuta inachora nguvu ya injini, na fundi anarekebisha mafuta na moto wa plagi kidogo kidogo huku sikio lake likiwa kazini. Barabarani gari linaweza kukudanganya. Kuna mteremko, kuna upepo, kuna sifa za dereva. Juu ya daino hakuna pa kukimbilia. Ndiyo maana Mzee Hasham alikuwa na desturi moja: kabla ya kukanyaga kwa mara ya mwisho, huweka kiganja juu ya boneti akamuuliza mwenye gari, "Kuna kitu nisichokijua humu ndani?" Wateja walicheka. Yeye hakucheka. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema, "na mficha injini, daino." Wengi walikiri papo hapo kwamba injini iliwahi kuchemka, au kwamba mafuta walinunua ya kwenye madumu njiani, na kazi ikaendelea bila mtu kuchekwa.

Siku hiyo aliyekuja ni kaka yangu Maduhu. Ndiyo, baba yako. Wewe ulikuwa bado mgongoni mwa mama yako. Alikuja na gari lake la buluu la Kijapani, lenye tabo, alilolinunua enzi duara lao, lile shimo la upande wa Geita, lilipokuwa linatema dhahabu. Tabo ni feni ndogo inayovuta hewa na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu, na injini ikishiba hewa ndipo gari linaruka. Lakini duara lilikuwa limenyamaza miezi mingi. Baba yako ndiye aliyeaminiwa kupeleka mawe karashani yakasagwe na kuoshwa, na kila aliporudi aliwaambia wenzake, "Limekataa." Wakamwamini. Wakala ugali kwa chumvi, wakashuka tena.

Wenzake hao walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa naye garini asubuhi hiyo. Mmoja aliitwa Yohana, kijana wa Chato, mkali kama pilipili. Mwingine Shabani, mtu wa Kigoma, mpole, amevaa shati la mistari ya kijani lisilo na mkono mmoja. Shabani alikuwa ameshakata tamaa na uchimbaji. Aliomba lifti mpaka Kahama, apande basi arudi kwao mikono mitupu, akamtazame mkewe machoni. Yohana yeye alitaka tu kuona daino. Baba yako hakuwaalika. Walimkuta ameshawasha gari, wakaingia, na angekataa wangemshuku.

Mimi ndiye niliyekaa kwenye usukani. Tulianza taratibu, mchoro kwenye kompyuta ukapanda vizuri, halafu katikati ukalala. Mzee akarekebisha mafuta, nikakanyaga tena, ukalala palepale. Injini ilikuwa inavuta pumzi kama mtu mwenye pumu. Mzee Hasham akaniashiria nizime, akaja mbele ya gari.

"Hewa haifiki," alisema. "Tufungue hili bomba linaloingia kwenye tabo."

"Hapana, mzee," baba yako akadakia. "Hapo pasiguswe. Fundi wa Mwanza kapafunga juzi tu."

Mzee akaweka kiganja juu ya boneti. "Maduhu, kuna kitu nisichokijua humu ndani?"

"Hakuna."

"Kama ni la faragha, twende ofisini tukae wawili."

"Nimesema hakuna. Gari langu, nakwambia kanyaga."

Nilimwona jasho linamtoka shingoni, nikadhani ni joto la gereji. Moyo wa mtu ni kichaka, mwanangu, hata wa yule mliyenyonya naye ziwa moja. Mzee alimtazama sana, kisha akasema gari ni lake na neno ni lake. Akaniitikia kwa kichwa. Nikakanyaga mpaka chini.

Kwanza ulikuja mlio mwembamba, kama bati linachanwa. Halafu kishindo. Moshi mweupe ukajaa gereji nzima na injini ikafa chini ya mguu wangu, nikausikia ule ukimya wake mpaka kwenye meno. Yohana alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, amejifunika kichwa, akidhani ni baruti. Mimi mguu haukutoka kwenye pedeli. Mzee alinigonga kwenye bega ndipo nikashuka.

Alilifungua lile bomba mwenyewe. Ndani ya mdomo wa tabo kulikuwa na kitambaa kimesokotwa kama kamba. Mapanga ya feni yote yalikuwa yamevunjikavunjika, na katikati ya chenga zile nyeupe kulikuwa na chenga za njano. Mtu wa machimbo haambiwi hizo ni nini. Kaka yangu alikuwa anaficha dhahabu ya wenzake kwenye koo la gari, mahali ambapo alijua hakuna mtu atakayepekua, na katika mwendo wa barabara ya vumbi ilikaa salama. Daino ilikuwa kisingizio chake cha kuja mjini kuiuza, na wenzake walipoingia garini akakosa nafasi ya kuitoa. Ila feni inapovuta kwa nguvu zake zote haibagui hewa na kitambaa.

Baba yako alikaa chini kwenye mafuta. Yohana aliinuka, akashika spana kubwa ya magurudumu. Wewe unatoka machimboni, unajua mtu wa namna hiyo anafanywa nini. Nilijua namzika ndugu yangu siku hiyo, na nitakuambia ukweli, sikuweza kusogea wala kupiga kelele. Nilisimama tu kama nguzo ya umeme.

Aliyesogea ni Shabani. Akakichukua kile kitambaa, akakinyoosha juu ya goti. Kilikuwa na mistari ya kijani.

"Huu ni mkono wa shati langu," alisema. "Niliuchana siku jiwe lilipokupasua kiganja kule chini, Maduhu. Nilikufunga nao damu isiishe."

Nilimwona Yohana akilitazama lile shati, akamtazama na Shabani usoni.

"Weka hiyo spana," Shabani akamwambia. "Lete karai na maji."

Basi wale watu wawili wakachuchumaa kwenye sakafu ya gereji, wakaosha mabaki ya tabo kwa mikono, kama waoshavyo mchanga siku zote, chenga nyepesi za feni zikasombwa kando na dhahabu ikatulia chini. Kisha Shabani akaigawa juu ya boneti. Nikatazama, na bado siamini macho yangu: mafungu matatu. Moja alilisukuma upande wa baba yako. "Sheria ya duara," alisema. Akaondoka bila kuaga, amekifunga kile kitambaa mkononi. Mwanangu, kile kishindo kilinishtua, lakini lile fungu la tatu lilinitoa roho.

Mzee Hasham alimwambia baba yako maneno machache tu: "Nilikufungulia mlango mara mbili. Gari halijakusaliti, limechoka kukubebea."

Baba yako hakulishika fungu lake. Mzee alilifunga kwenye karatasi, akampelekea mama yako. Gari liliuzwa chakavu. Na kaka yangu alizunguka machimbo ya Maganzo, akazunguka Geita nzima, hakupata mtu aliyekubali kushuka shimoni yeye akiwa amemshikia kamba. Ndiyo sababu unamwona analima mpunga peke yake. Na lile kovu la kiganjani, anakwambia ni la shoka, sivyo? Si la shoka.

Sasa nikupe nasaha yangu, ipokee. Mali ya watu haina maficho, hata ukiiweka kooni mwako mwenyewe. Kuna siku utafungwa mikanda mbele na nyuma, maisha yakukanyage mpaka mwisho, na ulichoficha ndicho kitakachokuvunja. Ukiulizwa, jibu wakati bado wanauliza. Aibu ya kukiri ni ya siku moja. Ukiumbuliwa utaishi nayo mpaka uzee, muulize mwenye kovu. Na njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa na gari la kukimbia.

Kifurushi chako kile pale juu ya kabati, sijakifungua. Kichukue. Nimempigia baba yako, yuko njiani, na amesema atakusindikiza mpaka duarani kwako, asimame mbele ya wenzako akionyesha kile kiganja. Alilia kwenye simu. Usimuulize kitu njiani, mwache aseme mwenyewe.

Mungu akupe wenzio wa kukushikia kamba, mwanangu, na akupe mkono ambao wao hawataogopa kuukabidhi kamba yao. Kunywa chai yako, itapoa.