Risasi Zilizogoma na Kichaga cha Mbao

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio. Ilikuwa katika ukumbi wa kulenga shabaha hapa Manassas, Virginia. Meneja wa Ukumbi, mama mmoja mwenye sauti ya kiranja, alinionyesha sakafu iliyojaa maganda ya risasi akasema, "Yote haya, kabla ya chakula cha mchana." Nilikuwa na elimu ya darasa la saba na miaka kadhaa ya kutengeneza baiskeli Morogoro. Bastola sikuwahi hata kuishika.

Katika kufagia nikakuta risasi nzima zimechanganyika na maganda matupu. Zilikuwa na kovu dogo kitakoni, maana yake zimepigwa, lakini hazikulipuka. Nikazitenga kwenye kopo. Alasiri akapita mtu mrefu kupita kiasi, aproni ya ngozi kifuani.

"Nani kazitenga hizi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Naziogopa."

Alicheka hadi akaegemea ukuta. "Vizuri. Anayeziogopa atazeeka. Kesho njoo kwangu karakana."

Huyo ndiye Fundi Mkuu. Alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa huku huku, aliyewahi kuwa fundi wa silaha jeshini. Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "asante" tu, kwa hiyo maneno yake nayaandika hapa kwa lugha yetu. Nilifanya kazi chini yake mpaka alipofariki. Vijana wengi wa jumuiya yetu wananiuliza kazi ile ilikuwaje, nami kila nikijaribu kueleza namkuta yeye amesimama katikati ya maelezo.

Karakanani jiliwa, yaani kile chuma cha kubania kazi, lilifungwa kwa kimo chake. Mimi lilinifika kidevuni. Kaunta alikuwepo Mkenya mmoja, Otieno, mdomo haufungi. Aliponiona nikipiga tupa, mikono na kidevu vimeinuliwa juu, alisema, "Mzee, leo unafanya kazi ama unanyolewa?"

Fundi Mkuu alinipima kwa macho. Kesho yake nikakuta kichaga cha mbao, kijukwaa cha kusimamia, mbele ya jiliwa, kimepigwa misumari vizuri, pembe zimesuguliwa nisijikwaruze. "Jiliwa silishushi," aliniambia, "mgongo wangu utalia. Wewe ndiye utapanda."

Nikapanda. Otieno akaita kutoka mbele, "Haya, pastor amepanda mimbari! Tufunge macho tuombe!"

Sasa niseme kidogo juu ya kazi yenyewe. Bastola ya mashindano si kama ile iliyotoka kiwandani. Mwenyewe huifanyia marekebisho ili kifyatulio kivutike kwa wepesi, kwa sababu kidole kinachokaza sana huvuta mtutu pembeni. Njia mojawapo ni kuweka springi laini inayosukuma nyundo, kile kipande kinachogonga pini ya kupigia risasi. Lakini kila kitu kina gharama yake. Nyundo ikisukumwa kwa ulaini, pini nayo hupiga kwa ulaini. Kitakoni mwa risasi mna fataki, kidonge kidogo cha chuma chenye baruti nyepesi kuwaka. Pini isipoipiga sawasawa, fataki haiwaki. Mpigaji husikia "tak", kisha kimya, na sekunde zake za mashindano zinapotea.

Fundi wa haraka akiletewa bastola ya namna hiyo hubadilisha springi, akaweka ngumu, mteja akaenda. Fundi Mkuu hakuwa hivyo. Kwanza aliomba risasi zilizogoma. Alitazama kovu: limeingia ndani au limegusa tu, liko katikati au limekaa upande. Kisha alifungua tundu la pini, maana mafuta yaliyoganda humo huikokota pini kama tope linavyokokota mguu. Baadaye ndipo alipotazama springi. "Bastola ni shahidi," alikuwa akisema. "Usimpige shahidi kabla hajasema."

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Mama Njeri, Mkenya wa Beltsville, mji ulio mbali kidogo na hapa, mpigaji shabaha hodari. Alikuja asubuhi moja na bastola ndani ya mkoba, akaniona, akaanza kwa Kiswahili.

"Kaka, hii ni kazi ya mzee wangu, marehemu mume wangu. Aliniundia mwenyewe, hata kifyatulio ni mkono wake. Alikuwa mgonjwa wakati huo."

"Pole sana, dada. Alitutoka lini?"

"Si kitambo." Alifungua mkoba. "Sasa inagoma. Kwa kila magazini ya risasi, moja au mbili zinagoma. Watu wa klabu ya shabaha wananiambia mkono wake ulikuwa unatetemeka, ati aliharibu. Wanasema nibadilishe kila kitu alichoweka."

Otieno akaingilia, kwa nia njema, "Mama, ni spring tu hiyo. Tunaweka kali, unaenda home, story imeisha."

"Na wepesi wake?"

"Hautakuwa kama wa kwanza, lakini itapiga."

Mama Njeri alinigeukia mimi. "Niambieni ukweli tu. Kama mzee alikosea, nitakubali. Lakini nisiambiwe na mtu ambaye hajaangalia."

Nilimtafsiria Fundi Mkuu, ingawa mama yule Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Fundi Mkuu alifuta mikono, akavuta kiti, akaketi ili awe sawa naye kwa kimo. "Mume wako hayupo kujitetea," alimwambia. "Kwa hiyo tutaenda polepole."

Tulifungua bastola yote. Tundu la pini lilikuwa safi. Ncha ya pini ilikuwa mviringo, haijaliwa. Springi ilikuwa laini, ndiyo, lakini nyundo ilitembea bila kugusa popote. Mahali vyuma viwili vinaposhikana, kifyatulio na nyundo, palikuwa pamesuguliwa hata pakang'aa kama maji. Fundi Mkuu alinipa kioo cha kukuzia. "Tazama. Mtu huyu mkono ulitetemeka? Basi alisubiri utulie kila mara kabla ya kugusa. Mimi mzima wa afya siwezi kuipita kazi hii."

Kisha akachukua risasi zilizogoma, ambazo Mama Njeri alikuja nazo. Tulizipiga tena ukumbini, moja moja, kwa uangalifu. Karibu zote ziliwaka kwa pigo la pili. Hapo uso wake ukabadilika. Alichukua risasi mpya za Mama Njeri, akapitisha kidole gumba kitakoni mwa kila moja, akanipa nami nipitishe. Nilihisi. Baadhi ya fataki hazikuzama vizuri. Zilichomoza kidogo sana, kama msumari usiomaliziwa. Pigo la kwanza la pini lilipotea katika kuzizamisha. La pili ndilo lililowasha.

"Risasi hizi unanunua?"

"Najaza mwenyewe nyumbani, tangu mzee afariki," Mama Njeri akajibu. "Kwa mashine yake. Fataki zile zile, baruti ile ile. Nafanya vile alinifundisha."

Fundi mwingine angemwambia tu, bonyeza zaidi, kwaheri. Yeye alisema, "Naomba nione unavyofanya."

Tukaendesha gari mpaka Beltsville. Chini ya nyumba, kwenye chumba cha kazi, kila kitu kilikuwa mahali pake. Koti la marehemu lilining'inia mlangoni. Miwani yake ilikuwa juu ya meza, imekunjwa. Mashine ya kujazia risasi ilifungwa kwa bolti kwenye meza ya mbao iliyoinuka sana. Nilipoiona meza ile, niliijua mara moja. Ilikuwa imeinuka kama jiliwa letu.

Mama Njeri alisimama akaanza kazi. Mpini wa mashine huvutwa chini, kisha hurudishwa juu na kusukumwa mbele mpaka mwisho. Ule msukumo wa mwisho ndio unaozamisha fataki. Alivuta vizuri. Alirudisha vizuri. Lakini mwisho wa msukumo mkono wake ulikuwa umenyooka wote na kisigino kimeinuka, na nguvu zilikuwa zimekwisha njiani.

"Mzee wako alikuwa mrefu," Fundi Mkuu akasema.

"Sana. Alikuwa akinicheka."

"Meza hii tungeishusha—"

"Hapana." Alilitamka neno hilo upesi, kisha akaona haya. "Samahani. Sijasogeza kitu. Hata miwani."

Fundi Mkuu hakumwambia kwamba maisha lazima yaendelee, wala kwamba marehemu angependa hivi au vile. Aliniangalia mimi. Kisha akauliza kama kuna mbao gereji.

Zilikuwepo. Alipima kwa macho, akakata, akapiga misumari, akasugua pembe, nami nikamshikia. Mama Njeri alipanda kichaga, akasukuma mpini. Tulisikia mlio mdogo, imara, wa kitu kilichofika mahali pake. Akapitisha kidole kitakoni mwa risasi. Fataki ilikuwa imelala sawa na chuma.

Wiki iliyofuata alileta ukumbini risasi alizojaza akiwa juu ya kichaga. Alipiga magazini baada ya magazini na hakuna hata moja iliyogoma. Otieno alitoka kaunta kuja kutazama. Mama Njeri aliweka bastola chini, tupu, kama inavyotakiwa, akasema taratibu, hakuwa akisema na sisi, "Hukukosea, mzee."

Springi ile hatukuigusa. Springi kali ingeficha kosa bila kuliondoa, na ingeondoa mkono wa mtu ambao usingerudi tena.

Fundi Mkuu naye alianza kutetemeka mikono miaka ya mwisho. Bastola alizozitengeneza zikirudi na malalamiko, nilikuwa nauliza kwanza: risasi zako ni zile zile? Umebadilisha nini? Sikumtetea kwa uongo. Mara moja kosa lilikuwa lake, nikamwambia, akalirekebisha na kunishukuru. Mara nyingine zote halikuwa lake.

Kwenye maziko ya Fundi Mkuu, Mama Njeri alikuja na kuketi karibu nami. Alipoinuka alininong'oneza, "Meza bado iko pale pale. Nami bado napanda."

Nilipostaafu, mmiliki mpya wa karakana aliniuliza kama nataka kuondoka na jiliwa kama ukumbusho. Nilikataa. Kwa miaka yote baada ya msiba lilikuwa langu peke yangu, ningeweza kulishusha siku yoyote, na sikulishusha. Nilichukua kichaga. Kipo jikoni kwangu sasa, na mbao zake zimeliwa mahali pawili, pale miguu yangu iliposimama.