Maria wa Uso wa Kijani

Nyumba yetu ya Kaloleni, Nairobi, ilinuka kiini cha yai na siki. Haikuwa harufu ya jikoni. Ilikuwa kali, ya kukaba koo, na iling'ang'ania sare yangu hadi wenzangu darasani wakawa wananizibia pua. Baba yangu aliajiriwa kupaka rangi kuta za ofisi, lakini siku zake za mapumziko alinakili picha takatifu za Wataliano wa kale, za Mama Maria na watakatifu wenye duara la dhahabu kichwani. Alizitoa kwenye kitabu alichoachiwa na padre mzee aliyerudi kwao. Parokia za Eastlands zilizitaka, na akina mama wa jumuiya walizitaka zaidi. Alichora juu ya plaiwudi iliyosiribwa chokaa na gundi, na rangi alizikoroga kwa kiini cha yai na siki kidogo kama Wataliano wenyewe walivyofanya. Ukimwambia rangi ya dukani ingetosha, alikufukuza akiwa na brashi mkononi.

Watakatifu hao hawakujua amani. Mmoja alichomwa mishale mwili mzima, mwingine alichunwa ngozi akiwa hai, na kulikuwa na dada mmoja aliyebeba macho yake mwenyewe kwenye sahani kama mtu anayepeleka mandazi mezani. Baba alipenda damu. Aliichora ikichuruzika taratibu, tone baada ya tone, huku akipiga mluzi. Mimi nililala chumba kimoja nao, na haki ya Mungu niliwachukia wote.

Lakini kilichotuletea balaa ni nyuso. Wataliano wale hawakupaka rangi ya ngozi moja kwa moja. Kwanza uso wote ulipakwa kijani, kuanzia kwenye paji hadi shingoni, ukaachwa ukauke. Kesho yake ndipo Baba alipoweka ngozi juu yake, kidogo kidogo, kijani kikabaki chini ya macho tu na kando ya mdomo kama kivuli. Bila hicho, alisema, uso unakuwa wa mwanasesere. Sasa wewe fikiria Maria wa kijani wameegemezwa ukutani nje, wakiota jua, kila mmoja amepakata mtoto wa kijani, na kando ya mlango ndoo imejaa maganda ya mayai. Kwetu sisi watu wa magharibi mwa Kenya, mayai yakionekana mahali pasipo pao watu huanza kunong'ona habari za uchawi. Mama alimwonya. "Baba Nekesa, ingiza hizi maiti zako ndani, watu wanaona." Baba alicheka tu.

Likizo moja ya Agosti, asubuhi jua likiwa limeshapanda, mtoto wa jirani alipotea. Tulimwita Junior, na ndio kwanza alikuwa amejua kutembea. Mama yake alizunguka nyumba hadi nyumba akipiga mayowe, mpaka akafika kwetu akawaona wale Maria. Alisimama. Akatazama ndoo ya maganda, akatazama mikono ya Baba iliyokuwa na rangi nyekundu. "Mtoto wangu ako wapi?" aliuliza polepole, kisha akapaza sauti iliyosikika mtaa mzima: "Ni huyu! Ni wa shetani huyu! Amechukua Junior!"

Sijui watu walitoka wapi wengi namna ile. Jiwe la kwanza lilimpata Baba sikioni. Walimburuta hadi kwenye kizingiti, wakamlalia, na mwanamume mmoja tuliyekuwa tukisali naye akaubana mkono wake wa kulia kwenye saruji na kuuponda kwa jiwe, akihema kama anayepasua kuni. Nilisikia mifupa. Mama alitoka na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyokuwa yakichemka, akawamwagia. "Anayetaka kumchoma aanze na mimi!" Walimpiga teke la tumbo akaanguka juu ya githeri yake. Mtu akaita, "Tairi iko wapi? Petroli!" Na tairi ikaja, ikibingirishwa na vijana waliokuwa wakicheka.

Mimi nilikimbilia nyuma ya mbao za Baba chumbani nijifiche. Mguu wangu ukagusa kitu laini. Mungu wangu! Alikuwa Junior, amelala fofofo, kidole gumba mdomoni, shavu na vidole vimejaa kijani kibichi.

Hata mtoto wa miaka kumi kama mimi alielewa: akionekana akitoka mlangoni petu, tumekwisha sote. Nilitemea mate vidole vyake na shavu, nikafuta kwa sketi, kilichobaki nikakilamba, chumvi na siki na yai. Nikamtoa kwa dirisha la nyuma, nikamziba mdomo alipoamka, nikapita nyuma ya nyumba hadi ukumbi wa mtaa. Nilimweka kwenye ngazi na kumfinya paja kwa nguvu zangu zote mpaka akalia. "Junior huyu hapa!" nilipiga kelele. "Ako hapa ukumbini!"

Walikuja mbio. Mama Junior alimkumbatia akaimba, akasema malaika wamemrudisha. Wengine waliimba naye. Baba alibaki kizingitini, tairi shingoni, hakuna aliyekumbuka kuitoa. Niliitoa mimi. Hakuna aliyetuomba msamaha, hata mmoja, na bado nina hasira nao.

Vidole vya Baba viliungana vikiwa vimepinda. Alijaribu mkono wa kushoto, lakini macho ya Maria yakawa yanatazama pande mbili, akaacha. Sijawahi kumwambia Baba kwamba Junior alikuwa amelala nyuma ya mbao zake.

Siku hizi naishi mtaa wa Huruma, ghorofani, na binti yangu. Kanisani kwetu picha zote ni za kuchapwa, nyororo, hazinuki chochote. Junior ni mwanamume mwenye ndevu, anaendesha bodaboda, na tukikutana ananiita dada Nekesa na kukataa nauli yangu. Uvumi sasa hauhitaji mayowe, unaingia kwenye simu na kabla hujamaliza kuusoma watu wameshajaa barabarani. Binti yangu hukimbilia dirishani aone wanampiga nani. Mimi sikimbilii dirisha. Nafunga mlango, napiga magoti, natazama chini ya vitanda vyote, nyuma ya pazia, ndani ya kabati, kuhakikisha hakuna mtoto wa mtu nyumbani kwangu.