Sauti ya Mama Dirisha

Siku anastaafu, shangazi yangu alishika kipaza sauti akajitapa mbele ya wakubwa wake: "Watu wa mtaa huu hawataamini sauti nyingine ya serikali ila yangu." Makofi yakapigwa. Tatizo ni kwamba wakubwa nao walisikia.

Alikaa dirisha la maulizo la ofisi ya pensheni tangu mimi sijazaliwa, hadi wakamwita Mama Dirisha. Habari njema aliitoa mbiombio. Mbaya, alikohoa kwanza mara mbili, taratibu, kama anayebisha hodi. Wenye foleni wakisikia kikohozi, wanamshika mwenzao mkono kabla hajaambiwa kitu.

Alipoondoka, ofisi ikaweka hapo mashine inayoongea. Watu wakaipita kwa mbali kama mbwa wasiyemjua mwenyewe. Ndipo wakubwa wakamfuata shangazi nyumbani, wakairekodi sauti yake, akatia saini huku anacheka. Baada ya hapo foleni ilifika barabarani. Mashine ilijua hata kukohoa. Shangazi akaacha kucheka, maana siku ya kurekodi hakukohoa hata mara moja.

Mwezi huu pensheni yake haikuingia. Nikamsindikiza. Mashine ikamtaka ataje jina, ithibitishe kwamba yu hai. Akataja. Kisha, kutoka dirishani kwake mwenyewe, tukasikia: koh, koh.

Mama muuza mkaa aliyekuwa nyuma yetu akamshika shangazi mkono.

"Mwenye sauti hii bado yuko kazini," mashine ikasema, kwa upole uleule shangazi anaoniamshia mimi asubuhi. "Aliye kazini halipwi pensheni."

"Huyo ni mimi," shangazi akamwambia muuza mkaa.

"Ndiyo maana tunamwamini, dada. Hajawahi kutudanganya."

"Na mimi je?"

"Wewe si umestaafu? Kapumzike."

Nilitaka kumjibu yule mama wa mkaa, na mdomo ninao, shahada tu ndiyo sikumaliza. Lakini nilijikuta nimeigeukia mashine, nasubiri itasemaje. Sauti ile ndiyo iliyonilea.

Shangazi akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akauliza afanyeje sasa. Koh, koh. Midomo ya shangazi ilikuwa inacheza bila sauti. Maneno yakatokea upande wa pili wa kioo:

"Rufaa hupokelewa hapahapa, kwa sauti ya mhusika. Ada ni shilingi elfu mbili."