Godoro Kando ya Soketi

Mume wangu aliikuta ile kompyuta kwenye duka la vitu vilivyotumika, hapa Louisville, pamoja na kaseti ya mchezo wa sataranji. Ilikuwa ya zamani sana, ile ambayo kibodi ndiyo kompyuta yenyewe na waya wake unaingia kwenye televisheni. Aliiweka kwenye kiwango kigumu kuliko vyote, ambapo mashine huwaza saa nyingi kabla ya kujibu. Kila asubuhi alisogeza kete yake, akavaa buti, akashika basi kwenda ghalani. Jioni alikuta imejibu.

"Na mimi unaniacha na nani?" nilimuuliza siku moja.

"Nimekuachia muzee hapo. Anawaza. Usimusumbue tu," alisema akiionyesha kompyuta.

Alinionya jambo moja: televisheni hata ikizimwa si neno, lakini kompyuta ikikosa umeme, mchezo wote unapotea.

Siku aliyoanguka kazini, asirudi tena, mashine ilikuwa inawaza.

Wamama wa kanisa walifika kabla sijaelewa vizuri. Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi televisheni, basi mmoja akaizima, akaifunika kitenge. Taa nyekundu ya kompyuta ilibaki inawaka chini yake. Walipoleta godoro la mjane, niliomba liwekwe pale ukutani, kando ya soketi.

"Mumuache akae kwenye kona ya bwana wake," walisema, wakaanza kulia upya.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nalinda waya.

Mdogo wa marehemu alifika kutoka Columbus, simu yake imekwisha chaji.

"Shemeji, sogea kidogo nichomeke simu."

"Nenda jikoni."

"Jikoni? Wale wamama watanipa viazi nimenye!"

"Basi, menya."

Akacheka, kisha akakumbuka tuko wapi, akaziba mdomo. Nilisikia wakimpokea kule: "Bon, bwana wa Columbus, kisu hiki hapa!" Karibu nicheke na mimi.

Walipoondoka wote, niliinuka kwenye godoro. Nilitoa kitenge, nikawasha televisheni. Mashine ilikuwa imejibu zamani. Alama ndogo ilikuwa ikimemeta, ikimngoja yeye acheze.

Niliiacha hivyo. Kila nilipopita sebuleni niliiona ikingoja. Bila shaka alikuwa amekwisha kupanga atakachocheza. Mimi siwezi kukijua. Alinifundisha tu jinsi kete ndogo, askari, anavyotembea, hatua moja mbele.

Asubuhi ya kurudi kazini, kule ninakotunza wazee, nilisimama mbele ya televisheni nimeshavaa koti. Nikabonyeza kibodi, nikamsogeza askari mmoja wa pembeni, ambaye nilidhani hawezi kuharibu kitu. Labda nimeharibu. Alama ikaacha kumemeta.

Nilizima televisheni, nikafunga mlango, nikaenda kungoja basi. Nyumbani muzee alikuwa anawaza.