Siku Niliyosema Simjui

Mjukuu wangu nilimlea mwenyewe, mama yake alipofariki, mpaka akaenda ng'ambo kusomea udaktari. Mtaa wetu mzima wa Mlandege ulijua, maana sikuficha.

Kisha vita ikalipuka huko. Ubalozi wetu ukafungwa, simu ya mtoto ikawa haipatikani. Nikashinda nimekumbatia redio.

Siku ya nne akapiga simu mwanaume mmoja, Kiswahili chake cha kukwamakwama. Akasema yuko ubalozi wa nchi nyingine kabisa, isiyopigana na mtu, nchi yake imeombwa iwaangalie Watanzania mpaka vita iishe. Akataja jina la mjukuu wangu na la marehemu mama yake. Pasipoti yake imeungua bwenini, ndugu athibitishe ni wetu, wamwandikie karatasi ya kuvukia mpaka.

Nilishatapeliwa kwa simu mara moja, nikaapa hairudii.

"Nchi ya watu imtunze mtoto wangu, sisi tumekufa? Huyo simjui. Katafute mjinga mwingine."

Nikakata. Alipopiga tena sikupokea. Nikawasimulia majirani, tukacheka.

Na mimi ndiye huwa natumwa wakwe wakigombana. Baba wa binti hasemi na baba wa kijana, basi napita mimi, si wa huku wala wa kule. Nabeba nguo za mtoto, nafikisha maneno, naangalia binti kama anakula. Hakuna aliyewahi kuniita tapeli. Kazi ile ile nimeifanya kwa miguu yangu miaka yote, nikashindwa kuitambua kwenye simu.

Wiki moja baadaye mjomba wa mjukuu wangu akapiga simu kutoka Mbeya. Wizara ya Mambo ya Nje wamemwambia basi limeondoka na wenzake wote, mtoto kaachwa kwa sababu kwao wamemkana. Nikamwambia ni mimi niliyemkana. Akathibitisha yeye, lakini basi la pili lilikuja baada ya wiki tatu, na zote mtoto alikaa handakini chini ya ardhi, mabomu yakipita juu.

Amerudi, yuko Mbeya kwa mjomba wake. Nilimfuata. Alinipa shikamoo vizuri, akanitengea kiti jikoni. Mlango ulipobamizwa na upepo, alikuwa ameshaingia chini ya meza. Akatoka, akaokota kisu, akaendelea kumenya viazi.

"Bibi, yule mtu wa ubalozi aliweka simu sauti ya juu. Nilikuwa nimekaa mbele yake."

Nikamwambia nilidhani ni tapeli.

"Najua. Nilikuita, Bibi. Ulikuwa umeshakata."

Nilingoja anigombeze. Akaniuliza kama chai yangu bado naweka tangawizi.