Kinachong'aa Kwenye Makali

Nakumbuka asubuhi moja pale mtaani Kamalondo, mwanangu, na siisahau, ingawa mkono huu umenyoa vichwa vya nusu ya mtaa. Enzi hizo wote tulikuwa raia wa Zaire, tai za shingoni zimepigwa marufuku, na kijana aliyetaka kuonekana nadhifu alibaki na nywele zake tu za kujivunia. Kwa hiyo kinyozi alikuwa mtu wa maana.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kiti changu mwenyewe kwenye baraza ya duka. Wachimba shaba wakitoka zamu walikuja kwangu. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu Ramazani, ambaye wazee wake walitoka Kasongo. Alinifundisha kunoa wembe wa mpini kwenye jiwe, kuupitisha kwenye mkanda wa ngozi, halafu, kabla haujagusa mtu, kuyatazama makali juani kwa kioo cha kukuzia, kidogo kama kizibo cha chupa, alichopewa na fundi saa.

Kioo kile mimi nilikionea haya. Wateja wangesema kijana haoni! Nilipendelea kunyoa vinyweleo vya mkono wangu mbele yao, wakashangilia. Mtoto akililia wembe mpe, walisema wahenga. Mimi nilishapewa, na bado sijajikata.

Sasa, dada yangu mkubwa Mwajuma, niliyemwita yaya kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa, alikuwa amezika watoto wawili kabla hawajatembea. Wa tatu, Selemani, alifika siku ya saba akiwa mzima, siku ambayo kwetu mtoto hunyolewa nywele alizozaliwa nazo. Yaya alikataa anyoe mjomba. Alitaka mkono wa ndugu yake. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Jioni ya kuamkia siku hiyo wembe ulikuwa umeniponyoka ukagonga saruji. Nikaupitisha kwenye ngozi, nikaujaribu mkononi, ukakata. Nikaridhika.

Watu wakajaa mikekani. Mjomba akaniuliza kwa upole, "Ile wembe, uliiangalia na kioo?"

"Njo, mujomba, niliangalia."

Uongo mdogo, mwanangu, wa kumaliza mazungumzo. Nikakilowesha kile kichwa laini, nikaanza. Nilipofika juu ya sikio la kushoto mtoto akalia kilio kingine kabisa, na damu ikatoka mstari wa urefu wa punje ya mchele. Yaya alimnyakua mwanawe akamfunika kwa kanga. Hakunitukana. Alinitazama tu, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuchukua wa tatu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mjomba alimfunga mtoto kidonda, kisha akanishika kiwiko hadi uani, juani, akanitia kioo mkononi.

"Angalia muzuri. Unaona nini?"

Niliona vimeto viwili kama vimulimuli, kimoja kwenye ncha ya wembe, kingine karibu na mpini. Katikati, sehemu niliyoijaribu kwenye mkono wangu, hapakung'aa kitu.

"Ile yote yenye kungaa njo yenye kuharibika," akasema. "Makali ya kweli haionekane. Weye ulipima palipo pazuri tu."

Akanipa jiwe. Nilinoa mpaka vile vimulimuli vikafa kimoja kimoja, kisha tukarudi ndani, nami nikamwomba mjomba amalizie. Yaya akasema hapana. Alichukua kioo, akatoka nje juani, akautazama wembe mwenyewe, tena taratibu. Aliporudi akasema, "Kwanza useme ukweli mbele ya bantu bote."

Nikasema mbele ya watu wote, "Nilidanganya, yaya. Sikuangalia."

Alinirudishia wembe. Halafu akafunua kanga, akaniwekea mtoto magotini.

"Basi maliza. Pole pole."

Nilimnyoa huku machozi yakinitiririka, na sikuona aibu.

Leo Selemani ana wajukuu. Juu ya sikio lake kuna mstari usioota nywele. Anapokuja kunyolewa hunyoosha kiganja kwanza nimpe kioo, aangalie mwenyewe. Simchukii kwa hilo. Ni haki yake.

Nawe, mwanangu, umeanza kazi na watu wanakusifu, nimesikia. Kinyozi hajinyoi, na mtu hupenda kujipima pale anapojua atafaulu. Jitazame ncha na mpini. Ukiona sehemu yako inang'aa sana, anzia hapo kunoa. Na ukiulizwa kama umetazama, na hukutazama, sema hapana; neno hilo lingeniokoa mimi na damu ya mtoto.

Mungu akupe mkono mwepesi na jicho lisiloona haya kutazama mara ya pili. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, akujalie mtu kama yaya wangu, wa kukurudishia mtoto magotini.